Kabichi Bila Bahari

Grimsby inanuka samaki mpaka kwenye bahasha ya mshahara,
na mwanangu akivuta tu mvuke wa chewa
midomo yake huumuka kama andazi.
Kwa hiyo koti la kazi nalivulia nje, hata Januari,
naoga kwanza, ndipo namkumbatia.
Amezoea. Hunisubiri ngazini na taulo.

Bi Hyesuk alimenya kamba miaka ishirini
kwenye meza moja nami,
hadi mwaka juzi mapafu yake yaliposema basi.
Sasa hathubutu hata kimchi ya marehemu mama yake,
ile ya kamba waliopondwa na chumvi.
Aliniambia hivyo akicheka,
macho kayapeleka dirishani.

Jumamosi nikanunua kabichi mbili ndefu,
nikazipasua, nikazitia chumvi jani kwa jani,
kama mtu anayefunika watoto wanne kwa shuka moja.
Zikalala, zikalegea, zikatoa maji yao.

Dukani nilikuwa nimeshika pakiti ya mwani.
Mama yangu alilima mwani Jambiani,
kiuno kimekunjwa majini, wala hakuwahi kuuonja:
ulikuwa wa kuuza.
Nikageuza pakiti. Herufi za sisimizi:
huenda ikawa na chembe za kamba.
Nikairudisha rafuni.
Sumu haionjwi, hata ikitoka kwetu.

Basi, uyoga mkavu uliolala majini usiku kucha.
Uji wa mchele, maana Derek wa chini ngano humlaza kitandani.
Tufaha moja, tangawizi, vitunguu saumu sikuhesabu,
pilipili ya unga iliyotufanya sote tupige chafya.
Soya hapana. Ufuta hapana.
Zuhra alisoma kila lebo kwa sauti,
kama mwalimu anayeita majina asubuhi,
na jina lililomtia shaka akalitoa nje ya darasa.

Siku ya tatu mtungi ukaanza kunong'ona.
Kila usiku nalegeza kifuniko, unacheua,
na kiganja changu chenyewe kinaupigapiga mgongo.
"Una gesi kama mjomba Athmani," anasema Zuhra.

Jumapili ya pili akaja Bi Hyesuk,
vijiti vyake mwenyewe mfukoni.
Akatafuna. Mabomba ya joto yakagonga ukutani mara mbili.
"Haina bahari," akasema.
Nikafungua kinywa kuomba radhi.
Akachota tena. Akachota tena.

Zuhra, sindano yake mezani kando ya vijiko,
alikula mpaka pua ikamchuruzika.
"Mama, hii ni pilipili tu, au ndiyo ile?"
Nikaitazama midomo yake. Dakika tano. Kumi.
Derek akaweka uma chini, naye akatazama.

Pilipili tu, mwanangu.
Futa kamasi, umsogezee Bi Hyesuk bakuli.