Deni Anacheua

Mashine ya Khaoya, nyuma ya soko la Kimilili,
hukamua alizeti toka saa mbili hadi stima ipotee.
Huku mafuta, tone kwa tone, ndani ya mtungi wa manjano;
huku mashudu, bapa, ya moto, meusi kama ufizi wa mbuzi.
Mafuta yana wenyewe. Yana lebo, yana lori.
Mashudu nilikuwa nikiyafagia pamoja na vumbi.

Ni Nabwile aliyeniuliza:
"Ukila nyama, mfupa wamtupia nani?"
Sikumjibu. Jumamosi hiyo
nikaomba nilipwe nusu pesa, nusu gunia.
Khaoya alicheka hadi akakohoa maganda.

Nyumbani tuna ng'ombe mmoja. Jina lake Deni,
kwa kuwa alinunuliwa kwa pesa za chama
na chama hakisahau.
Kiangazi kilimkuta kwenye mabua ya mahindi,
tumbo ngoma, mbavu za kuhesabika,
maziwa vikombe vitatu, cha nne cha kukisia.

Siku ya kwanza alinusa, akageuza uso
kama bibi harusi aliyeletewa uji wa jana.
Nabwile akaponda, akalowesha, akachanganya na nepia:
kiganja kimoja. Kesho yake viwili.
Wiki ya tatu, mkebe wa Kasuku, umejaa.
"Usimshindilie," akasema.
"Tumbo la ng'ombe ni ploti ya wapangaji wengi.
Badilisha chakula ghafla uone, wote wanahama."

Gunia moja nililiacha sakafuni, penye unyevu.
Likaota manyoya ya kijani.
Nilitaka kuchambua, niokoe upande mmoja.
Tukalichoma lote.
Moshi wake ulinukia chapati
na watoto wakaamka, wakiulizia.

Sasa lita saba asubuhi, jioni nne na ushei.
Kwenye daftari la chama mistari sita imekatwa,
kumi na mmoja bado.
Khaoya naye ameacha kucheka:
gunia limepanda shilingi mia mbili.

Usiku nalala upande wa ukuta wa zizi,
masikio bado yamejaa mngurumo wa mashine.
Kisha, polepole, Deni anaanza:
anarudisha, anatafuna, anameza,
anarudisha.
Zamu yake hiyo ya kukamua,
gizani, bila stima,
kile ambacho chuma kilidhani kimemaliza.