Ankara Namba Mia na Kumi na Nne

Viti thelathini na viwili.
Nilivivua nguo kuukuu, msumari baada ya msumari,
nikakuta ndani ya sponji kijiko kimoja,
sarafu mbili za nchi ambayo haipo tena
na harufu ya supu ya miaka arobaini.
Nikavivika mahameli, rangi ya bitiruti,
mishono nikaificha
kama mama alivyoficha hela kwenye kopo la chumvi.

Vytenis alipokuja kuvichukua, alipapasa kimoja,
akasema, "Daiva, vidole vyako ni vya dhahabu."
Nikampa ankara. Siku thelathini.
Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti,
na koti, nadhani, akalitia kabatini,
maana majira ya joto yalikuwa yanaingia Kaunas.

Barua ya kwanza niliiandika kwa adabu:
Natumaini u mzima. Huenda imekupita.
Huenda! Neno hilo nimelitumia
hadi limekuwa butu kama mkasi wa mwanagenzi.
Katika ya pili niliondoa "natumaini".
Katika ya tatu niliondoa "mzima".
Ya nne ilibaki namba, tarehe,
na nukta moja iliyotoboa karatasi.

Akajibu: "Mhasibu yuko likizo."
Sijui ni ufuko gani huo
ambao mtu akienda harudi.

Lakini Ijumaa haiendi likizo.
Ijumaa huja na Gintarė, msaidizi wangu,
anayenawa mikono polepole kwenye beseni
ili asinitazame usoni.
Nilimlipa kwa hela niliyomwekea daktari wa meno.
Jino lenyewe lipo,
linanitajia jina la Vytenis
kila ninapokunywa chai.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wasemavyo.
Ila mimi sikumkopesha mtu. Hapo ndipo panaponichoma.
Niliuza kazi. Nani aliigeuza mkopo
bila kuniuliza, bila riba,
bila hata shahidi?

Basi jana, siku ya tisini na saba,
nilivaa gauni nililomzikia shangazi,
nikavuka daraja la Nemunas kwa miguu,
nikakaa kiti cha tatu kutoka dirishani.
Nilikijua kwa ufa wa mguuni; gundi ile ni yangu.
Nikaagiza supu baridi.
Nikaagiza madonge ya viazi yenye nyama tumboni.
Nikaagiza keki, kahawa, na kahawa nyingine,
nikitafuna kwa upande usiouma.
Mhudumu akaleta bili juu ya kisahani.
Nikaikunja mara nne.
Nikaitia mfukoni.
"Siku thelathini," nikamwambia.
"Mhasibu wangu yuko likizo."

Msichana akaenda jikoni. Nikasikia visu vikinyamaza.
Akatoka Vytenis, uso rangi ya mahameli yangu,
na meza ya jirani wakasahau uma hewani.
Sikupaza sauti. Nilipapasa kiti tu:
"Vidole vya dhahabu, Vytenis, navyo hula."

Alilipa nusu, palepale,
noti zenye harufu ya vitunguu.
Akakata bei ya supu.
Ndiyo, na ya kahawa zote mbili.
Nusu ya pili, alisema, Jumatatu.
Hakusema Jumatatu ipi.

Leo asubuhi kaingia mwanamke na picha ya sofa,
ya bibi yake, springi zimechomoza.
Akanisifu mishono. Akasifu hata dirisha.
Nilihisi moyo ukinidunda kama wa mwizi,
mimi, ndani ya karakana yangu, mbele ya nyundo zangu,
nikasema: "Nusu kwanza. Kabla sijang'oa msumari."
Akanitazama. Nikatazama sakafu.
Nyuma yangu Gintarė, aliyekuwa ananawa,
alifunga bomba
apate kusikia.