Thelathini na Moja

Sijui nikiite gari au toroli lililosoma.
Magurudumu matatu, kitanda cha mbao nyuma,
kioo kimoja cha pembeni. Cha kushoto alikivunja
mbuzi wa Drajiru wiki ya kwanza,
maana hakukisikia kikija.

Hapa Arua kisichonguruma hakiheshimiwi.
Kuku hawaondoki njiani. Watu wa Onduparaka
hutembea katikati ya barabara wakinong'onezana,
nami nyuma yao na magunia manne ya muhogo,
nimeshajua nani anadaiwa, nani ana mimba,
kabla sijapiga kengele.
(Kengele ya baiskeli. Honi ilinishinda bei.)

Zamani nilikodi pikapu ya Onzima
iliyokohoa kuliko marehemu baba.
Dizeli niliionja hadi kwenye chakula cha jioni.
Sasa nanuka muhogo tu.
Deni la chama halina harufu, lakini lipo,
miezi kumi na mitano.

Usiku nakilaza chini ya dirisha kama mtoto mwenye homa.
Waya unapita juu ya kitanda changu.
Saa nane naamka kukitazama:
taa ya kijani, taa nyekundu,
au giza, umeme umekwenda zake
bila kuaga.

Juzi ulikwenda kwenye matanga ya mama yake Candiru.
Watu kama mia, na katekista haoni kitabu.
Vijana wakanitazama.
Mimi nikatazama namba pale mbele ya usukani:
thelathini na moja.
Nilipiga hesabu, sitadanganya.
Sokoni, kilima cha Mvara, kurudi,
magunia sita ya watu waliokwisha kulipa.
Nikajisemea, marehemu haoni tena, taa ya nini?
Mkono ulikuwa umeshaanza kufungua waya.

Taa mbili, hadi alfajiri.
Kumbikumbi wakaja kwa maelfu,
watoto wakakimbilia mabeseni,
na pale msibani, karibu na jeneza,
mtu alicheka, akasahau kuziba mdomo.

Asubuhi: tisa.
Kilizimika katikati ya kilima cha Mvara.
Hata kufa hakikupiga kelele.
Nikashika breki, nikakaa, nikihesabu magunia
kana kwamba kuyahesabu kungeyapunguza.

Kisha kigari kikasogea.
Mikono ilikuwa nyuma, upande wa kushoto,
upande wa kile kioo cha mbuzi,
kwa hiyo sikuona ni ya nani.
Ilinukia kumbikumbi wa kukaanga.

Nikaachia breki.
Nikapiga kengele, kwa mazoea,
barabara ikiwa tupu.