Kifungu cha Tisa

Meneja Nyamweya amenisogezea karatasi
kwa kidole kimoja, kama anayesukuma sahani
ya chakula alichokionja akakikataa.
Kurasa nne. Muhuri wa kampuni ya sukari.
Jina langu limeandikwa kwa ukamilifu, Apondi Nyawade,
na mbele yake, ndani ya mabano: mchezaji mkongwe.

Mkongwe.
Nina miaka thelathini na sita.
Mama yangu akiwa na umri huu alikuwa bado ananyonyesha.

Mwaka mmoja, anasema, badala ya mitatu.
Marupurupu nusu. Kazi ya stoo ibaki vilevile:
asubuhi nihesabu magunia, jioni nihesabu mipira.
Ananikumbusha kuwa mkataa pema pabaya panamwita,
na nje ya dirisha Kisumu ya saa nane mchana
imelegea kwa jua, hata kunguru hawabishani.

Nilimjua Nyamweya alipokuwa mbeba maji wa timu.
Alikuwa akirusha chupa, nami nikiidaka bila kutazama.
Leo asiyetazama ni yeye.
Macho yake yako kwenye goti langu, chini ya meza,
kama dalali aliyesikia kwamba injini ya gari inakohoa.

Haya, goti. Tuliseme.
Lilichanika Nakuru, kwenye saruji yenye ufa,
robo ya nne, zikisalia sekunde kumi na moja.
Mitupo huru miwili niliirusha kwa mguu mmoja
tukashinda kwa pointi moja.
Kombe liko kabatini, nyuma ya kisogo chake.
Halina vumbi. Kuna mtu hulipangusa.
Daktari nilimlipa mwenyewe,
kwa ng'ombe wawili wa baba na mchango wa kanisa.

Naomba kalamu. Anadhani nimelainika.
Naandika nambari ya simu ya fundi viatu kiganjani,
namrudishia.
Nipe siku mbili, namwambia.

*

Jioni ile Nasambu alinivuta nyuma ya vyoo vya uwanja.
Ana miaka kumi na tisa, ametoka Chwele,
mikono mirefu, mtu wa kuchuma parachichi bila ngazi.
"Dada, nisomee. Wanataka nitie sahihi kesho."
Kurasa nne. Muhuri uleule.
Jezi namba saba, yangu.
Nilidhani hapo ndipo nitakapoumia. Niliumia kidogo.
Kisha nikafika penye fedha:
nusu ya ile nusu yangu. Kwa miaka mitano.
Na kifungu cha tisa, ambacho hata kwangu kipo,
ambacho kwa miaka kumi na minne sikukisoma:
Majeraha yote yatakuwa juu ya mchezaji.

Yangu niliitia sahihi juu ya boneti ya gari la kampuni,
nikicheka, mtu akinishikia soda.

Nasambu alikuwa akidundisha mpira, akingoja jibu,
du, du, du,
goti lake laini kama la mtoto wa darasa la pili.

*

Ijumaa tumeingia wawili.
Nyamweya anasema mambo haya huzungumzwa na mmoja mmoja.
Leta kiti kingine, nasema.

Mwaka mmoja, nimekubali.
Nusu, nimekubali, ingawa inanichoma.
Namba saba mpeni, ilishaanza kubanduka mgongoni.
Hata mkongwe liacheni, toeni mabano tu,
nisionekane kama kitu kinachonong'onwa.
Lakini yeye ni miaka miwili, si mitano.
Na kifungu cha tisa kifutwe. Kwake. Kwangu.

"Lazima niwaulize wakubwa."

Waulize. Mechi ni kesho saa tisa.
Tutakuwa jukwaani, mimi na huyu, tukila karanga.

Feni inazunguka, haipepei mtu.
Amefungua kalamu, ameifunga, ameifungua.
Nasambu anatazama kombe, nadhani anasoma tarehe;
mwaka ule alikuwa hajaanza shule.

Nasimama kwanza, ili niwahi kutoka kabla sijalegea.
Goti linaalika, kwa!,
na wote watatu tunalisikia.