Meza Iliyo Mkabala na Mahakama

Mimi nauza karatasi tu. Sheria wanaiuza wenye tai,
kule ndani, chini ya feni.
Nina meza, taipu isiyo na herufi R iliyo sawa,
kidau cha wino wa buluu kwa ajili ya madole gumba,
na kiti kimoja cha mteja
ambacho mguu wake wa nne ni jiwe.

Swali langu la kwanza: mwenyewe yu hai?
Wengi huudhika. Wamekuja na haraka,
na nauli ya kurudi Ganda wameifunga kwenye pindo la leso.
Hawakuja kuulizwa kifo asubuhi yote hii.
Lakini ndivyo nilivyopanga fomu zangu, kwa pumzi:
mkono wa kulia za wenye nayo,
mkono wa kushoto za waliokwisha kuirudisha.

Ngumbao alikuja kutoka Kakuyuni,
suruali imenyooshwa hadi ina makali,
hati ya uwakili ya babake ameivika nailoni isiote ukungu.
"Mzee alinipa kwa hiari yake. Nauza ekari moja.
Mnunuzi yule pale, ndani ya gari."
Nikamuuliza swali langu.
"Tulimzika mwezi jana."

Nikamrudishia kwa mikono miwili,
kama unavyomrudishia mtu mtoto aliyelala.
Ngumbao, uwakili ni mkono wa kuazima.
Mzee alipokuwa kitandani Kilifi, hajiwezi,
hapo ungekufaa: ungelipa, ungesaini, ungepokea.
Mwenye mkono akizikwa, unazikwa nao,
hata uwe na nailoni.
Sasa ni barua ya chifu, ni mirathi,
ni ndugu zako wote waketi pamoja,
pamoja na yule dada wa Mtwapa msiyesemezana naye.

Akalitazama gari.
Gari likapiga honi mara moja, kisha halikungoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakusema daftari lipi.

Sidi naye ana majina matatu na mwili mmoja.
Cheti cha kuzaliwa: Sidi Kahindi.
Kitambulisho: Sidi Kaindi, karani aliimeza H.
Cheti cha shule: Cidy, kwa sababu mwalimu alipenda mambo.
Kazi ya hoteli Watamu inamtaka awe mmoja kufikia Jumatatu.
Hiyo ni ya kiapo, nikamwambia,
ila usiweke sahihi hapa kwangu,
kaapie mbele ya wakili, akuone ukiandika.
Akarudi anacheka, machozi yanamlengalenga:
"Dada, nimelipa pesa kuapa kwamba mimi ni mimi."

Saa sita, jua liko juu ya taipu,
akaja Bi Mwanamkuu wa Shela,
ameshikiliwa mwavuli na Kadzo.
Akaninong'oneza: wosia.
Anataka nyumba yote iwe ya kitindamimba wake.
Nikamwambia, Bi, huyo ni mrithi,
fungu lake limekwisha kukatwa, si na wewe.
Wosia hauingii kwake ila wenzake waridhie.
Ulicho nacho mkononi ni theluthi,
na theluthi ni ya asiye na fungu.

Alinyamaza kitambo. Kidole chake kikawa kinafuata
mchirizi wa mbao ya meza, kwenda na kurudi.
"Asiye na fungu," akasema.
Kisha, bila kugeuza shingo:
"Kadzo, hebu nenda kasimame pale penye ua."

Nikaingiza karatasi mbili na kaboni.
Mashahidi wawili wasiotajwa ndani:
muuza maji, na askari wa lango aliyemaliza zamu.
Niliandika jina la msichana aliyeletwa na mafuriko
akiwa na miaka minne, akalishwa, akasomeshwa,
asiye wa damu, asiye wa dini,
aliyekuwa pale juani na mwavuli umefungwa,
akidhani amefukuzwa.

Nikamfuta Bi dole gumba kwa kitambaa. Buluu haikutoka yote.

"Mmeandika nini muda wote huo?" Kadzo akauliza,
akiufungua tena mwavuli.

"Dawa zangu," Bi Mwanamkuu akasema. "Twende, wali utaungua."