Ngeli ya Wenye Pumzi

Fundi Madeha wa Majengo alinipima mabega mara mbili,
akaandika namba kwenye ukingo wa gazeti,
kisha akauliza swali moja tu: mikono mirefu au mifupi?
Mirefu, nikasema. Dodoma jioni ina upepo.
Akatema pini mojamoja kiganjani
kama mtu anayehesabu mbegu za zabibu.

Ndilo gauni hili. Kijani cha jani la mzabibu
kabla mvua haijakata.
Viatu nilivipata Sabasaba, namba arobaini na tatu,
muuzaji akaapa vilivaliwa mara moja, harusini,
na mwanamke mrefu.
Nikamwombea heri huyo mrefu, popote alipo.

Sechelela, dada yangu, ananichora nyusi,
ulimi umemtoka pembeni kama enzi za hesabu za darasa la tano.
"Tulia. Tangu utoto hutulii."
Jina jipya hajalizoea. Akilitaja
hulishika kwa kitambaa, kama sufuria inayochemka:
Mbe... Mbeleje.
Ni jina la bibi. Nililichukua bila kumwomba mtu,
na marehemu hajalalamika.

Pale hotelini, nyuma ya reli,
mhudumu alifungua mlango na mdomo pamoja:
"Karibu..."
akasita.
Neno likaning'inia kama kandili kwenye msumari uliolegea.
Nikakaza tumbo.
"Karibuni, wageni wangu," akamaliza,
akanivutia kiti.

Lugha yangu, nakushukuru
kwa hiyo *a* yako isiyofunua shuka:
anakula, anacheka, amependeza.
Ngeli ya wenye pumzi, humo tumo wote,
mtu na mbuzi na mbu.
Kinachoniumbua ni kaka, ni shemeji,
ni mjomba msibani aliyeuliza kwa sauti
nitachimba kaburi na wanaume
au nitapika na wanawake.
(Nilichota maji. Maji hayana upande.)

Tukaagiza kuku wa kienyeji, na mlenda.
"Mlenda na gauni jipya!" Sechelela akanikanya,
kisha yeye ndiye aliyejidondoshea.
Divai ilikuwa ya Hombolo, nyekundu, kali kidogo.
Niliacha alama ya midomo kwenye glasi,
nikaitazama muda mrefu.

Ukumbini, safu ya nne.
Sehemu ya pili akatoka mwanamume kavaa kanga,
kajaza mito nyuma, sauti kaibana puani,
na ukumbi ukapasuka.
Sikujua nicheke ili nijifiche
au nisicheke, nijulikane.
Gizani Sechelela akakishika kidole changu kidogo,
akakibana mpaka kikauma.
Hakucheka. Na yeye hupenda kucheka kuliko kula.

Halafu wakaingia wanawake watano,
ngoma za muheme katikati ya mapaja,
wakapiga.
Bibi alipiga hivyo, meno kayauma, macho kayafumba,
nami mtoto nimejificha nyuma ya ghala,
napiga paja langu mwenyewe kimyakimya.
Usiku huu mkono ulikumbuka.
Paja, chini ya kitambaa cha Madeha, likaitika.

Mwisho yule mwanamume alivua kilemba,
akainama, uso umelowa jasho.
Nikampigia makofi. Kazi yake aliifanya.
Ila yeye alikuwa na chumba cha kuvulia.

Nje, vumbi.
Upepo ukalishika gauni, nikalishika nami,
tukalivutana mpaka kwenye bajaji.
"Mama, Nkuhungu elfu tatu."
"Mbili," nikasema, kwa haraka,
na sauti ikatoka ile ya chini, ya zamani,
niliyodhani nimeiacha nyumbani.

Kijana akanitazama kwenye kioo.
Sechelela akaacha kutafuna bigijii.
Mbwa akabweka upande wa Makole, akanyamaza.

"Haya, mama, panda. Mbili na mia tano."

Mia tano ile
sikuigombea.