Safu ya Nyuma

Sisi ndio tunaokaa nyuma ya viti vya wajumbe,
magoti yakigusana, faili mapajani.
Kipaza sauti hakitufikii. Taarifa rasmi
haitutaji, hata tukikohoa.

Miaka yangu ya mwanzo Chukwani nilijua kazi moja:
kuandika "hoja imejibiwa",
kugonga muhuri, kuwahi chai.
Ripoti ya Mkaguzi nilikuwa nikiibeba
kama mchukuzi na gunia la watu.

Kisha akaja Kidawa Machano kutoka ofisi ya Wete,
wiki tatu, na barua ya "kubadilishana uzoefu".
Nikasema moyoni: mtoto huyu, tubadilishane nini?
Siku ya pili akaniuliza:
"Kaka Ussi, imejibiwa, sawa. Ila imefungwa?"
Nikaagiza chai.

Yeye alikuwa na jedwali kwenye kompyuta,
kila pendekezo la kamati na mwaka wake:
limetekelezwa, linaendelea, limesahauliwa.
Hiyo safu ya mwisho ilishuka, ikashuka,
mpaka kidole changu kikachoka kuifuata.

Mimi nilikuwa na stoo. Ufunguo wenye kutu,
makabati ya bati, mavi ya panya,
na kichwa kinachokumbuka
nani alikuwa akisaini kwa wino wa kijani.

Saa kumi, wenzetu wameshapanda basi la ofisi,
yeye anasoma kwa sauti, mimi natafuta;
mimi nasoma, yeye anatafuta.
Pampu ya maji, shehia moja ya Micheweni.
Namba ya mashine?
Saba, nne, nne, sufuri, tisa.
Soma tena.
Mkononi mwangu karatasi ya mwaka mwengine,
kisima chengine, bei nyengine,
saba, nne, nne, sufuri, tisa.
Ya tatu tuliikuta imewekewa kikombe juu yake,
duara la chai limezunguka jumla.

"Mali bila daftari…" nikaanza, kama bibi yangu.
"Hii inayo," akanikata. "Tena matatu."
Hatukucheka.
Kule kwao, alisema, shangazi yake
huamka saa tisa za usiku kupanga ndoo.

Jumatano mkubwa wa wizara alijibu kwa ufasaha,
akashukuru, akaahidi, akashukuru.
Mwenyekiti keshafungua mdomo aseme "tuendelee",
nikapenyeza kikaratasi ubavuni mwa kiti:
kimekunjwa mara mbili, mwandiko wa Kidawa,
tarakimu tano tu.
Akakisoma. Akavua miwani.
"Hebu tusomee namba iliyo mgongoni mwa pampu.
Zote tatu."
Feni ndiyo iliyojibu.

Gazeti lilimtaja Mwenyekiti, na ni haki yake,
ndiye aliyeuliza.
Maji hayajatoka, nisikupambie.
Barua imekwenda, jibu limekuja, refu, tamu,
na kwenye jedwali tumeandika: haijafungwa.

Kidawa karudi Wete. Usiku hunitumia
picha za hati asizozielewa,
nami humtumia fomula zangu zilizogoma.

Jana wameniletea kijana, Mgeni Pandu,
shati bado lina mikunjo ya dukani.
Kabla ya saa nne keshagonga muhuri mara sita.
Nikavuta kiti, si mbele yake, ubavuni.
"Imejibiwa, sawa," nikamwambia.
Akanitazama.
Nikamwekea mezani ufunguo wa stoo.